Mkalimani aliyekosekana Sleman: kisa cha Mary Jane Veloso na kazi ya ubalozi

Begi lilikuwa tupu lakini zito. Mary Jane Veloso aligundua hilo akiwa bado Kuala Lumpur, akauliza kulikoni. Kwa maelezo yake, ambayo baadaye yaliingia hadi kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Ufilipino, alijibiwa kwamba ni zito kwa sababu ni jipya. Akapanga nguo zake humo, akapewa dola 500 za Kimarekani, akapanda ndege kwenda Yogyakarta, Indonesia. Tarehe 25 Aprili 2010, kwenye uwanja wa ndege wa Adisutjipto, begi lilipita kwenye mashine ya eksirei na maofisa wakalitilia shaka. Walipochana kitambaa cha ndani wakakuta heroini, kilo 2.6.

Alikuwa na miaka 25, mama wa watoto wawili wa kiume, mzaliwa wa mkoa wa Nueva Ecija, Ufilipino, kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Shule ya sekondari aliishia mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi za ndani Dubai, akarudi nyumbani baada ya kuponea chupuchupu kubakwa. Waliompeleka Malaysia walikuwa majirani zake. Walimwambia kuna kazi ya ndani inamsubiri. Alipofika wakamwambia nafasi imeshachukuliwa, lakini asijali: aende kwanza Indonesia siku saba kupumzika, akirudi atapata nyingine. Anayesoma haya akiwa Mombasa, Tanga au Kampala ataitambua sauti hiyo. Ni ileile ya mtu anayekuja nyumbani na zawadi, anamwita mama yako "mama", na ana jibu la kila swali.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu nimefanya kazi ya ukalimani, na tangu niisome haijanitoka kichwani. Wengi wanaikumbuka kwa usiku mmoja wa Aprili 2015, marais wakipigiana simu na bunduki zikiwa tayari. Mimi naiona kwa upande mwingine. Naona ilivyoharibika miaka mitano kabla ya usiku huo, katika chumba cha mahakama ambamo hapakuwa na mtu mmoja wa kuzungumza Kitagalog, lugha ya kwao Ufilipino. Kisha naona kilichogharimu kurekebisha kosa hilo.

Chumba cha mahakama

Kesi ilisikilizwa na mahakama ya wilaya ya Sleman, nje kidogo ya mji wa Yogyakarta. Lugha ya kesi ilikuwa Kiindonesia, ambacho Mary Jane hakukijua. Mahakama ilimpa mkalimani: mwanafunzi wa chuo cha lugha, asiye na leseni ya chama cha wafasiri cha Indonesia, na alichokuwa akifanya ni kutoa Kiindonesia na kukipeleka kwenye Kiingereza. Kiingereza cha Mary Jane kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Lugha aliyoelewa sawasawa ilikuwa Kitagalog.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani kwamba ukielewa nusu ya maneno umeelewa nusu ya kesi. Sivyo. Chukua swali moja tu kwa mfano, lile ambalo kesi yoyote ya begi haiwezi kulikwepa: ulijua kulikuwa na kitu ndani? Mtu aliyeshika begi tupu likamlemea anaweza kujibu "niliona ni zito", au "nilipata wasiwasi", au "nilishuku", au "nilijua". Kwa Kiswahili, kati ya neno la kwanza na la mwisho kuna umbali wa maisha ya mtu. Sasa lipitishe jibu hilo kwenye Kiingereza cha kubahatisha cha mshtakiwa, kisha kwenye Kiingereza cha darasani cha mwanafunzi, kisha liingie kwenye Kiindonesia cha karani anayeandika. Litakalofika mbele ya jaji linaweza kuwa neno lolote kati ya hayo manne, na hakuna mtu mle chumbani atakayejua limebadilikia wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wakalimani tunalijua na tunaliogopa. Mtu asiyeelewa huwa hasemi kwamba haelewi. Husema ndiyo. Anamtazama aliyevaa joho, anaona uso unasubiri, anataka kuonyesha adabu, anatikisa kichwa. Nimekaa kando ya watu wanaosema ndiyo ya namna hiyo, na mara kadhaa nimelazimika kuinua mkono na kumwambia hakimu kwamba huyu hajaelewa swali, naomba lirudiwe. Ili mkalimani ainue mkono hivyo inabidi aijue lugha ya mshtakiwa kiasi cha kusikia mashaka kwenye sauti yake. Mwanafunzi anayefasiri kwa Kiingereza hawezi kuyasikia mashaka ya Kitagalog.

Sheria ya Indonesia yenyewe, ile ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1981 iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilimpa mshtakiwa haki ya kuelezwa mashtaka kwa lugha anayoielewa. Upande wa mashtaka uliomba kifungo cha maisha. Tarehe 11 Oktoba 2010 majaji walikwenda mbali zaidi na kumhukumu kifo. Miezi sita haikuwa imetimia tangu begi lile lipite kwenye eksirei. Rufaa ya kwanza ilikataliwa Februari 2011, na Mahakama ya Juu ya Indonesia ikaithibitisha adhabu hiyo Mei mwaka huohuo.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana uchungu wa kusimama kizimbani kwenye lugha ya watu. Kwa miongo mingi kumbukumbu na hukumu za mahakama zetu ziliandikwa Kiingereza, na mwananchi akasubiri mtu wa kumwambia kama ameshinda au ameshindwa. Mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Na hayo yalikuwa yakitukuta tukiwa nyumbani, ndugu wamejaa kwenye mabenchi ya nyuma.

Ubalozi unaruhusiwa kufanya nini

Hapa inabidi tutenganishe mambo, maana watu wengi hudhani balozi anaweza kuingia gerezani na kumtoa mtu wake. Hawezi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, yaani kazi ya ubalozi ya kuwahudumia raia wake, katika ibara yake ya 36, unaweka mambo machache yanayoonekana madogo. Mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kupewa taarifa. Akitaka, taarifa itumwe. Afisa konseli aruhusiwe kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumpangia wakili. Basi. Kuhoji ushahidi si kazi yake, wala kumfundisha jaji sheria. Kazi yake ni kuhakikisha mtu wake hayuko peke yake, anaelewa kinachosemwa na anasikika.

Ukiyasoma haya kwa haraka utayaona mepesi. Lakini pima kilichohitajika Sleman mwaka 2010: mtu mmoja anayejua Kitagalog na Kiindonesia, kiti kando ya mshtakiwa, na barua ya ubalozi inayosema mkalimani huyu tunampinga kwa sababu hii na hii. Ubalozi wa Ufilipino uko Jakarta, na ubalozi mdogo uko Manado, kaskazini mwa kisiwa cha Sulawesi. Yogyakarta iko katikati ya Java, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Jakarta, saa moja na kidogo kwa ndege. Mahakama ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kwanza wa kuleta mkalimani anayefaa, na lawama hiyo siiondoi mahali pake. Ila katika Indonesia nzima, taasisi ambayo kila siku ya kazi ina watu wa Kitagalog kwenye meza zake ni moja, nayo ni ubalozi wa Ufilipino.

Na Ufilipino si nchi iliyokuwa mgeni wa mambo haya. Raia wake wapatao milioni 10 wako nje. Rais Corazon Aquino, alipozungumza na wafanyakazi wa ndani wa Kifilipino Hong Kong mwaka 1988, aliwaita mashujaa wapya, bagong bayani, na jina hilo wanalo hadi leo. Nchi hiyo ilishalia kilio kikubwa. Tarehe 17 Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani aliyekutwa na hatia ya kumuua Mfilipino mwenzake na mtoto aliyekuwa akilelewa na mwenzake huyo. Umma wa Ufilipino haukuamini kwamba alitetewa ipasavyo, na hasira ikaugeukia ubalozi na serikali. Tume ikaundwa chini ya jaji mstaafu Emilio Gancayco. Waziri wa mambo ya nje, Roberto Romulo, akajiuzulu. Kabla miezi mitatu haijaisha, tarehe 7 Juni 1995, ikatiwa saini Sheria namba 8042 ya wafanyakazi wahamiaji.

Nimeisoma sheria ile kifungu kwa kifungu na bado naiheshimu. Inasema serikali haiuzi watu nje kama njia ya kukuza uchumi. Inaagiza kwamba katika nchi yenye Wafilipino wahamiaji wengi kuwe na kituo cha kuwahudumia, wazi saa 24, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ilianzisha mfuko wa msaada wa kisheria wa peso milioni 100, na mwingine wa kiasi hichohicho wa kuwarudisha watu nyumbani kwa dharura. Iliwaweka maofisa wote wa ubalozi, wawe wametoka wizara ya kazi, ustawi wa jamii au mambo ya nje, chini ya amri moja ya balozi, ili mwenye shida asipigwe danadana kutoka dirisha moja hadi jingine. Sina uhakika kama sisi wa Afrika Mashariki, pamoja na dada zetu wote walioko Oman na Saudia, tumewahi kuandika kitu chenye meno kama hicho.

Sasa kwa nini wavu huo haukumnasa Mary Jane? Sababu moja iko kwenye pasipoti yake. Aliondoka nyumbani kama mtalii. Wananchi wa nchi za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, hutembeleana bila viza, na njia hiyo nzuri ya ujirani ndiyo wasafirishaji haramu huitumia. Sheria ya 1995 ilijengwa juu ya mfanyakazi mwenye mkataba uliopigwa muhuri, mwenye wakala aliyesajiliwa, ambaye jina lake liko kwenye kompyuta za wizara. Mtalii mwenye begi jipya hayumo humo. Kwa ofisi ya kazi hakuwepo, na kituo cha saa 24 huwahudumia wenye uwezo wa kukifikia. Familia nayo ilieleza baadaye kwamba waliompeleka waliwatisha wakae kimya wasije wakadhurika. Ukimya wa familia ni pigo kubwa kwa ubalozi wowote, kwa kuwa mara nyingi mama aliyeko kijijini ndiye anayepiga simu ya kwanza, si polisi wa nchi ya watu.

Miaka ya barua

Kuanzia 2011 kazi ilibadilika ikawa ya barua na subira. Agosti mwaka huo Rais Benigno Aquino wa Tatu wa Ufilipino alimwomba Rais Susilo Bambang Yudhoyono wa Indonesia msamaha kwa niaba ya Mary Jane. Ombi halikukataliwa wala kukubaliwa, likakaa. Kwa aliyeko kwenye orodha ya kifo, faili kulala mezani ni nafuu, kwa hiyo ubalozi haukuwa na sababu ya kulisukuma kwa nguvu. Kazi ya konseli katika miaka kama hiyo haipigwi picha: kumtembelea mfungwa, kupeleka ujumbe wa nyumbani, kuuliza afya yake, kuhakikisha mkuu wa gereza anajua kwamba huyu ana wenyewe. Katika gereza la Wirogunan Mary Jane alijifunza kuchora batiki, ufundi ambao Yogyakarta inasifika nao.

Kisha upepo ukageuka. Joko Widodo aliapishwa kuwa rais wa Indonesia Oktoba 2014 na kutangaza kwamba hatawasamehe waliohukumiwa kifo kwa dawa za kulevya. Mwisho wa Desemba ombi la Mary Jane likakataliwa. Mapema 2015 mawakili walifungua ombi la mapitio, na hoja yao kuu ilikuwa ileile ya mkalimani: kwamba mshtakiwa hakuielewa kesi yake mwenyewe. Machi mahakama ikalitupa.

Hoja ile ilikuwa ya kweli, ila ilichelewa. Ingesemwa Sleman siku ya kwanza, gharama yake ingekuwa tiketi ya basi na posho ya mfasiri, na jaji angeahirisha kesi wiki mbili. Iliposemwa mwaka 2015 ilikuwa inawataka majaji wa juu kabisa wa nchi wakiri, mbele ya dunia nzima na mbele ya rais aliyejifunga kwa kauli yake, kwamba mahakama yao ilimhukumu kifo mtu aliyekuwa haelewi. Ukweli haukubadilika katika miaka hiyo mitano, bei yake ndiyo iliyopanda.

Tarehe 25 Aprili 2015, miaka mitano kamili tangu siku ya begi, maofisa wa balozi kadhaa waliitwa Cilacap, mji wa bandari unaotazamana na kisiwa cha magereza cha Nusakambangan. Sheria ya Indonesia inataka taarifa ya saa 72 kabla ya mtu kupigwa risasi. Naomba msomaji akae kidogo kwenye picha hii. Ni Jumamosi, na watu waliozoea kushughulikia pasipoti zilizopotea wanapokea karatasi yenye jina la raia wao na maana ya siku tatu. Baada ya hapo wao ndio wanaopaswa kumweleza mama yake. Wazazi wa Mary Jane, dada yake na wale watoto wawili walikuwa wamesafirishwa kuja kumuona.

Kilichomwokoa kilitoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na siamini kwamba upande mmoja ungetosha. Mashirika ya wahamiaji Manila, hasa Migrante, pamoja na mawakili wa kujitolea, walikuwa wameifanya familia izungumze. Vyama vya wafanyakazi na tume ya wanawake ya Indonesia nao walimtetea, na walikuwa na sababu inayouma: katikati ya mwezi uleule wa Aprili, Saudia ilikuwa imewaua kwa hukumu wafanyakazi wawili wa ndani wa Kiindonesia, na Jakarta ikalalamika hadharani kwamba haikupewa taarifa kabla. Yaani Indonesia, iliyokuwa inadai haki za kikonseli kwa binti zake Saudia, ilikuwa na binti wa Ufilipino mkononi mwake. Wanawake wa Indonesia waliliona hilo kabla ya serikali yao. Rais Aquino alizungumza na Widodo kwenye mkutano wa ASEAN Malaysia, kisha akaleta pendekezo ambalo Indonesia ingeweza kulikubali bila kujivunjia heshima: msimsamehe, tuachieni awe shahidi. Na tarehe 28 Aprili, saa zikiyoyoma, mwanamke aliyedaiwa kumpeleka Malaysia alijisalimisha kwa polisi Nueva Ecija.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 29, wanane walipigwa risasi Nusakambangan: Waaustralia wawili, Mbrazili mmoja, Mwindonesia mmoja, na wanne waliotoka Afrika Magharibi. Wa tisa alibaki. Manila kulikuwa na magazeti yaliyokwisha chapishwa yakisema amekufa.

Wale wanne wa Afrika Magharibi sitaki kuwapita kama hesabu. Mmoja wao alihukumiwa na kuuawa chini ya uraia wa Nigeria, kumbe alikuwa Mghana. Mtu anaweza kupita polisi, mahakama na gereza akiwa na nchi isiyo yake. Sasa ubalozi upi ungekuja? Na huku kwetu mambo hayako mbali. Tangu 2013 kasisi mmoja anayehudumia magereza ya Hong Kong amekuwa akisambaza barua za wafungwa, Watanzania wakiwemo, wakiwasihi wenzao wasikubali kubeba mzigo wa mtu. Vijana wanaoitwa punda mtaani wako kwenye magereza ya lugha za Kikanton na Kimandarini, na kila mmoja wao aliwahi kuwa na siku yake ya kwanza kituoni, na ndiyo yake ya kwanza aliyoisema bila kuelewa.

Konseli kuwa mikono ya mahakama

Sehemu inayofuata haikutangazwa sana, ila kwa anayejali kazi ya ubalozi ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi.

Mary Jane alikuwa amepewa muda ili atoe ushahidi dhidi ya waliompeleka, ambao kesi yao ilikuwa inaendelea Nueva Ecija. Lakini shahidi yuko gerezani nchi nyingine, chini ya adhabu ya kifo. Indonesia ilikubali kwa masharti: abaki kizuizini Yogyakarta, kusiwe na kamera, mawakili wa pande zote wasiwepo, na maswali yaletwe kwa maandishi. Washtakiwa wakapinga. Walisema katiba inawapa haki ya kukabiliana na shahidi uso kwa uso, na kwamba sheria za ushahidi wa Ufilipino haziruhusu kitu cha namna hiyo kwenye kesi ya jinai. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao.

Tarehe 9 Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ikatengua. Ilisema haki ya mshtakiwa inaweza kulindwa kwa yeye kuandika maswali yake ya kumhoji shahidi, na kwamba ushahidi huo uchukuliwe mbele ya maofisa wa kikonseli wa Ufilipino walioko Indonesia. Yaani afisa yuleyule anayegonga mihuri kwenye hati za kuzaliwa anageuka kuwa mikono na masikio ya mahakama. Anasoma swali kama lilivyoandikwa, kwa Kitagalog, anasikia jibu kwa Kitagalog, anaandika kila neno.

Niliposoma uamuzi ule nilisimama nikazunguka chumbani. Walichoagiza majaji wa Manila mwaka 2019, baada ya miaka tisa na safari zote zile, kilikuwa kilekile kilichokosekana Sleman: mtu wa ubalozi, kiti, na lugha ya mama yake.

Kati ya hapo kulitokea jambo lililowapa watu hofu. Septemba 2016 Rais Rodrigo Duterte wa Ufilipino alizuru Jakarta, na Widodo akawaambia waandishi wa habari kwamba mwenzake amemruhusu aendelee na utekelezaji wa adhabu ya kifo. Serikali ya Manila ikakanusha. Vyovyote walivyoambiana, maofisa wa ubalozi ndio walioamka asubuhi iliyofuata wakiwa na kazi ya kuieleza familia na gereza kwamba msimamo wa nchi haujabadilika. Kazi ya miaka ya maofisa wadogo inaweza kutikiswa na mazungumzo ya dakika chache ya wakubwa, na hakuna anayewapigia simu kabla.

Januari 2020 waliompeleka Malaysia walipatikana na hatia ya kuajiri watu kinyume cha sheria kwa kiwango kikubwa, katika kesi iliyoletwa na wanawake wengine watatu. Wakapewa kifungo cha maisha.

Kurudi

Novemba 2024 Rais Ferdinand Marcos Mdogo alitangaza kwamba Mary Jane atarudi. Makubaliano yalitiwa saini Jakarta tarehe 6 Desemba, chini ya serikali mpya ya Rais Prabowo Subianto. Hayakuwa msamaha. Indonesia ilimkabidhi kama mfungwa, Ufilipino ikaahidi kuiheshimu hukumu, na mamlaka ya kusamehe yakabaki kwa rais wa Ufilipino. Kwa kuwa Ufilipino ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2006, kule kuvuka mpaka tu kulimwondolea bunduki. Tarehe 18 Desemba 2024 alitua Manila na kupelekwa gereza la wanawake la Mandaluyong, ambako wazazi na watoto wake walikuwa wakimsubiri. Wale watoto aliowaacha wadogo walikuwa vijana.

Kesi ilipita marais wanne wa Ufilipino, kuanzia siku za mwisho za Gloria Arroyo, na watatu wa Indonesia. Walioibeba kutoka serikali moja hadi nyingine ni faili la ubalozi na watu waliokabidhiana faili hilo kila mmoja alipohamishwa kituo. Hilo ninawapongeza nalo kwa moyo wote. Wasingelishika vizuri, katika mojawapo ya mabadiliko yale lingedondoka, naye angedondoka nalo. Lakini siwezi kuwapongeza bila kukumbuka kwamba mwanamke huyu alikaa gerezani zaidi ya miaka 14, na katika wiki zile za mwanzo ambazo ubalozi una nguvu kuliko wakati mwingine wowote, alihukumiwa akiwa amekaa kando ya mwanafunzi wa Kiingereza.

Alipokuwa anaondoka Indonesia alikuwa anazungumza Kiindonesia kwa ufasaha. Alijifunza gerezani.